Lugha Hai na Haja za Dola: Historia ya Chuo cha Lugha za Mashariki cha Paris

1. Utangulizi

Mwanafunzi yeyote wa historia ya taaluma ya Kiswahili huyafahamu majina ya Berlin na London, kwa kuwa katika miji hiyo miwili lugha yetu ilianza kufundishwa mapema. Jina la Paris hutajwa kwa nadra. Hata hivyo chuo kilichotangulia vyote viwili, na ambacho waasisi wa vyuo vile vingine walikitazama kama mfano, kilianzishwa Paris mwaka 1795. Chuo hicho kingali hai. Jina lake rasmi tangu mwaka 1971 ni Institut national des langues et civilisations orientales, yaani Taasisi ya Taifa ya Lugha na Ustaarabu wa Mashariki. Watu wa Paris wamezoea kukiita kwa kifupi Langues O'. Ni chuo cha umma, na humo hufundishwa lugha zipatazo mia moja, Kiswahili kikiwa mojawapo.

Makala hii haikusudii kuorodhesha wakuu wa chuo wala kusimulia kila badiliko la kanuni zake. Inakusudia kuichunguza historia yake kwa kuuliza swali moja linalotuhusu sisi tulio katika idara za lugha za Kiafrika: lugha inapoingia chuoni, ni nani anayepewa mamlaka juu yake? Ni yule anayeizungumza, yule aliyeiandikia sarufi, au ile dola inayolipa mishahara? Majibu yaliyotolewa Paris kwa nyakati mbalimbali yanaweza kutusaidia kuyatafakari majibu yetu wenyewe.

2. Kabla ya chuo: vijana wa lugha

Chanzo cha mambo haya ni biashara. Katika karne ya 17 Ufaransa ilikuwa na mabalozi na wafanyabiashara katika miji mikuu ya Dola ya Uthmaniya, lakini Wafaransa wachache mno walijua Kituruki, Kiarabu au Kiajemi. Mashauri yote yalipitia kwa wakalimani waliokuwa wenyeji wa huko, wengi wao wakiwa raia wa Sultani. Mkalimani wa namna hiyo alikuwa na hofu ya mtawala wake na maslahi ya jamaa zake, na mabalozi hawakuwa na njia ya kujua kama maneno yao yalifikishwa kama yalivyotamkwa.

Mwaka 1669 Colbert, waziri wa Mfalme Louis XIV, aliamuru vijana wa Kifaransa wapelekwe Constantinople na Smyrna wakalelewe na watawa wa Kikapuchini na kujifunza lugha za huko tangu utotoni. Vijana hao waliitwa kwa Kifaransa Jeunes de langues, yaani vijana wa lugha. Baadaye sehemu ya mafunzo hayo ilihamishiwa Paris, katika shule ya Wajesuiti ya Louis-le-Grand.

Yafaa tuliangalie jambo hili vizuri. Tangu mwanzo kabisa, haja ya kufundisha lugha za watu wengine ilitokana na kutomwamini mwenye lugha. Elimu ilitafutwa ili mwenyeji asihitajiwe tena. Wazo hili halikutoweka Colbert alipofariki, na tutakutana nalo mara kwa mara.

3. Amri ya mwaka 1795

Mapinduzi ya Ufaransa yalivifuta vyuo vikuu vya zamani mwaka 1793, kwa kuwa vilihesabiwa kuwa ngome za kanisa na za watu wenye upendeleo. Mahali pake Bunge la Mapinduzi lilianzisha vyuo maalumu, kila kimoja kwa kazi yake. Chuo cha uhandisi kilichokuja kuitwa École polytechnique kilianzishwa mwaka 1794. Tarehe 30 Machi 1795, kwa pendekezo la mbunge Lakanal, Bunge liliamuru kianzishwe chuo cha umma cha lugha hai za Mashariki ndani ya uwanja wa Maktaba ya Taifa. Lugha zilizotajwa zilikuwa Kiarabu cha vitabu na Kiarabu cha mazungumzo, Kituruki na Kitatari cha Krimea, na Kiajemi pamoja na Kimalei. Kipimo cha kuchagua lugha kilielezwa waziwazi: faida yake kwa siasa na biashara.

Amri ile ilikuwa fupi, lakini ilikuwa na masharti mawili ya maana. Kwanza, walimu walitakiwa kuwaeleza wanafunzi uhusiano wa kisiasa na wa kibiashara baina ya Jamhuri na mataifa yenye lugha hizo. Pili, kila mwalimu alitakiwa kutunga kwa Kifaransa sarufi ya lugha aliyoifundisha. Sharti hili la pili lilikuwa jipya. Kabla ya hapo sarufi za lugha za Mashariki ziliandikwa Ulaya kwa Kilatini, kama ile sarufi maarufu ya Kiarabu ya Mholanzi Erpenius ya mwaka 1613. Sasa mwalimu alitakiwa kuieleza lugha ya kigeni kwa lugha ya taifa lake, na kuacha kitabu ambacho wengine wangekitumia baada yake.

Tukilisifu sharti hilo, tusisahau upande wa pili. Mwezi Juni 1794, haijatimia hata miezi kumi kabla ya amri hii, Padri Grégoire alikuwa amesoma mbele ya Bunge hilohilo ripoti iliyotaka lahaja na lugha za mikoa ya Ufaransa zifutwe ili Kifaransa pekee kienee. Kibretoni, Kibaski na Kioksitani zilikuwa lugha hai kama Kituruki, na zilikuwa na wasemaji ndani ya Jamhuri yenyewe. Lakini wasemaji wake walikuwa wananchi wa kutawaliwa, na dola haikuona haja ya kukalimaniana nao. Katika karne iliyofuata mtoto wa Kibretoni aliyezungumza lugha ya mamaye shuleni alivishwa alama ya aibu shingoni, na akawa nayo mpaka amkamate mwenzake aliyetenda kosa lilelile. Wasomaji wa Kenya hawahitaji kuelezwa adhabu hiyo ni ya namna gani. Hivyo dola moja, kwa wakati mmoja, iliweza kuiheshimu lugha hai iliyo mbali na kuikandamiza lugha hai iliyo nyumbani.

4. Kiarabu cha vitabu na Kiarabu cha watu

Walimu wa kwanza walikuwa watatu. Louis-Mathieu Langlès alishika Kiajemi na usimamizi wa chuo. Venture de Paradis alishika Kituruki. Na Antoine-Isaac Silvestre de Sacy alishika Kiarabu. Historia ya miaka 40 iliyofuata ni kwa sehemu kubwa historia ya huyu wa tatu.

Silvestre de Sacy alitimiza lile sharti la amri kwa ukamilifu. Sarufi yake ya Kiarabu, iliyotungwa kwa ajili ya wanafunzi wa chuo hicho, ilitolewa mwaka 1810 na ikawa msingi wa masomo ya Kiarabu katika Ulaya. Miongoni mwa waliomsikiliza ni Champollion, ambaye baadaye alifumbua maandishi ya kale ya Misri, na Mjerumani Fleischer, aliyeijenga taaluma ya Kiarabu katika mji wa Leipzig. Edward Said, katika kitabu chake Orientalism cha mwaka 1978, alimhesabu de Sacy kuwa mmoja wa waasisi wa taaluma nzima ya Wazungu kuhusu Mashariki. Lakini mtaalamu huyu hakupata kukanyaga nchi yoyote ya Waarabu. Kiarabu chake kilitoka katika miswada.

Ama Kiarabu cha mazungumzo, ambacho amri ya 1795 ilikuwa imekitaja bayana, kilihitaji watu wa aina nyingine. Watu hao walitoka Misri, wakiwa wameletwa na misukosuko ya jeshi la Bonaparte lililovamia nchi hiyo mwaka 1798. Mwaka 1803 padri mmoja wa Kimisri, Raphaël de Monachis, aliyekuwa amefanya kazi ya ukalimani na Wafaransa, alipewa nafasi ya kufundisha Kiarabu cha watu hapo chuoni. Alikaa mpaka mwaka 1816, kisha akarejea kwao. Baadaye alikuja Ellious Bocthor, Mkopti aliyezaliwa Asyut mwaka 1784, ambaye naye alikuwa mkalimani wa jeshi. Aliteuliwa kuwa mwalimu mwaka 1821, na mwaka huohuo akafariki. Aliacha mswada wa kamusi ya Kifaransa na Kiarabu, ambao mrithi wake, Caussin de Perceval, aliupitia, akauongezea na kuuchapisha katika mwaka 1828 na 1829. Jina la Bocthor lilibaki kwenye jalada, na hiyo ni heshima ambayo wengine baada yake hawakuipata.

Hapa ndipo mgawanyo wa kazi ulipojiweka wazi. Mzungu alikuwa na sarufi. Mwenyeji alikuwa na matamshi. Cheo cha Kiarabu cha vitabu kilikuwa cha mwanachuoni, na kile cha Kiarabu cha watu kilianza kama kazi ya mkalimani aliyepata hifadhi. Tusidhani kwamba tofauti hiyo ilitokana na maumbile ya lugha yenyewe. Ilitokana na imani kwamba lugha ya kweli ni ile iliyoandikwa, na kwamba msemaji ni chombo cha kupimia sauti tu.

Bahati njema ni kwamba tunao ushahidi wa Mwarabu aliyeitazama hali hii kwa macho yake. Rifaa al-Tahtawi, mwanachuoni wa al-Azhar, alifika Paris mwaka 1826 pamoja na wanafunzi waliotumwa na mtawala wa Misri, Muhammad Ali, akakaa huko mpaka mwaka 1831. Katika kitabu cha safari yake alichokichapisha Kairo mwaka 1834 alimweleza de Sacy kwa heshima kubwa, akakiri upana wa elimu yake, na pia akaeleza kwamba matamshi yake yalikuwa ya kigeni na kwamba ujuzi wake ulitegemea kitabu. Hapakuwa na dharau katika maneno hayo. Yalikuwa kipimo kilichotolewa na mtu aliyekuwa na haki ya kupima.

Al-Tahtawi hakuishia katika kupima. Aliporejea Kairo alisimamia shule ya lugha na tafsiri iliyoanzishwa mwaka 1835, ambamo Wamisri walijifunza lugha za Ulaya na kuvitia vitabu vya huko katika Kiarabu. Kwa hiyo, miaka 40 baada ya chuo cha Paris, palikuwapo katika bara letu la Afrika chuo kilichoyatazama mambo kutoka upande wa pili. Anayeandika historia ya taaluma ya lugha katika Afrika hana budi kuanzia huko pia.

5. Lugha zilivyofuata njia za dola

Katika karne ya 19 orodha ya lugha zilizofundishwa iliendelea kurefuka. Kihindustani kiliingia mwaka 1828 na mwalimu wake Garcin de Tassy. Kichina cha kisasa kiliingia katika miaka ya 1840. Na Kijapani kilifundishwa na Léon de Rosny katika miaka ya 1860. Chini ya Charles Schefer, aliyekiongoza chuo tangu mwaka 1867 mpaka 1898, chuo kilitoka kwenye uwanja wa Maktaba na kuhamia jumba lake katika mtaa wa rue de Lille, ambako jina la Langues O' lilikita mizizi.

Mtu akiiweka orodha hiyo kando ya ramani ya meli na majeshi ya Ufaransa ataona zinavyofuatana. Kiannam kiliingia baada ya Ufaransa kuteka kusini mwa Vietnam. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Kiberberi. Venture de Paradis, yule mwalimu wa kwanza wa Kituruki, alikuwa amekusanya msamiati na sarufi ya lugha hiyo kabla hajaenda Misri kama mkalimani mkuu wa Bonaparte na kufariki katika vita hivyo mwaka 1799. Kazi yake ilikaa miaka 45 bila ya kuchapwa. Ilitolewa mwaka 1844, wakati jeshi la Ufaransa, lililotua Algiers mwaka 1830, lilipokuwa likipigana katika nchi za Waberberi wenyewe. Mswada ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni haja ya dola.

Lugha za Afrika kusini mwa Sahara ziliingia kwa mlango huohuo. Kimalagasi kilipata nafasi baada ya Madagaska kutwaliwa. Lugha za Sudani ya Magharibi zilifundishwa na Maurice Delafosse, ambaye alikuwa afisa wa utawala katika Afrika ya Magharibi na vilevile mtafiti hodari wa lugha zake. Kando ya Langues O' palikuwapo pia chuo cha maafisa wa makoloni kilichoanzishwa mwaka 1889. Ni katika chuo hicho cha maafisa, baada ya Vita Kuu vya Pili, ambapo Léopold Sédar Senghor alifundisha lugha za Kiafrika: mshairi na Mwafrika akiwafundisha watawala wa kesho lugha za watu wake, miaka michache tu kabla hajawa rais wa nchi huru.

6. Kiswahili kupitia njia nyingine

Kwa kipimo hicho cha dola, Kiswahili hakikuwa na haki ya kuingia mapema. Nchi za Waswahili ziliangukia mikononi mwa Wajerumani na Waingereza, na hata Wabelgiji katika Kongo. Ufaransa ilishika Visiwa vya Ngazija peke yake, ikianzia Mayotte mwaka 1841.

Wajerumani walianzisha Seminari ya Lugha za Mashariki katika Chuo Kikuu cha Berlin mwaka 1887, na Kiswahili kilikuwamo. Ule mgawanyo wa kazi tuliouona Paris ulirudiwa huko. Amur bin Nasur, na baada yake Mtoro bin Mwinyi Bakari, waliajiriwa wawe wasaidizi wa matamshi na mazungumzo chini ya maprofesa Wajerumani. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu yake kubwa iliandikwa na Mtoro, kilitolewa mwaka 1903 kikiwa na jina la Carl Velten kama mkusanyaji. Ilipasa kungoja tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, iliyochapishwa mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro lipewe mahali pake. Waingereza nao walifungua chuo chao cha London mwaka 1917, baada ya kamati kuchunguza yaliyokuwa yakitendeka katika miji mingine ya Ulaya. Alice Werner alikuwa miongoni mwa waliofundisha Kiswahili huko tangu mwanzo.

Hata hivyo mojawapo ya kazi kubwa kabisa juu ya Kiswahili ilitoka Paris, na haikutoka Langues O'. Padri Charles Sacleux wa shirika la Roho Mtakatifu alifika pwani yetu mwaka 1879, akaishi Bagamoyo na Unguja kwa takriban miaka 20. Kamusi yake ya Kifaransa na Kiswahili ilichapwa Unguja mwaka 1891. Mwaka 1909 alitoa sarufi ya lahaja za Kiswahili, na mwaka 1939 kamusi yake kuu ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutolewa na Taasisi ya Ethnolojia ya Chuo Kikuu cha Paris, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1925 na Marcel Mauss na wenzake.

Mwaka huohuo wa 1939 ilitoka kamusi ya Kiswahili Sanifu na Kiingereza ya Frederick Johnson. Yafaa kamusi hizi mbili ziwekwe pamoja. Ya Johnson ni tunda la kazi ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 na serikali nne za Afrika ya Mashariki, na shabaha yake ni lugha moja iliyotengenezwa kwa msingi wa Kiunguja ili itumike shuleni na ofisini. Ya Sacleux haina shabaha hiyo. Humo neno huonyeshwa lahaja yake, liwe la Kimvita, la Kiamu, la Kiunguja au la Kingazija, na hakuna lahaja iliyowekwa juu ya nyenzake kwa amri. Bila shaka Sacleux alikuwa mmisionari, wala hakuwa nje ya mambo ya Wazungu wa wakati wake. Lakini kwa kuwa dola yake haikuwa na wilaya za kutawala kwa Kiswahili, hakuna aliyemtaka achague lahaja moja. Tofauti baina ya kamusi hizi si tofauti ya bidii au akili. Ni tofauti ya haja iliyokuwa nyuma ya kila moja. Na mtafiti wa Kimvita au Kiamu wa leo, anapotafuta neno la zamani, bado hulazimika kuifungua ile ya Kifaransa.

7. Baada ya 1968

Mwaka 1914 chuo kilikuwa kimepewa jina la École nationale des langues orientales vivantes, na kwa jina hilo kilifika kwenye misukosuko ya Mei 1968. Sheria ya tarehe 12 Novemba ya mwaka huo ilibadili mpango wote wa vyuo vikuu vya Ufaransa, na Chuo Kikuu cha Paris kikagawanywa kuwa vyuo 13. Langues O' kilipewa jina lake la sasa mwaka 1971, na katikati ya miaka ya 1980 kikapata hadhi ya chuo kikuu maalumu chenye kujitawala. Katika miaka hiyo wanafunzi walitapakaa: wengine rue de Lille, wengine Asnières, wengine Clichy, na wengine katika jengo la Dauphine lililokuwa makao ya NATO. Mwaka 2011 walikusanywa katika jengo moja jipya kwenye mtaa wa rue des Grands Moulins, pamoja na maktaba kubwa ya lugha na ustaarabu iliyofunguliwa mwaka huohuo.

Badiliko la jina lina maana. Neno "hai" liliondoka na neno "ustaarabu" likaingia. Makoloni yalikuwa yamekwisha, na chuo kilihitaji sababu nyingine ya kuwapo. Kilianza kusema kwamba lugha husomwa pamoja na fasihi, historia na maisha ya wenyewe. Neno "Mashariki" lilibaki, ingawa humo hufundishwa Kihausa na Kikwechua. Kwa mtu wa Mombasa au wa Lima, neno hilo halionyeshi dira yoyote. Linaonyesha tu mahali alipokuwa amesimama mtu wa Paris mwaka 1795.

Inafaa kukumbuka kwamba mwezi Oktoba wa mwaka uleule wa 1968, hapa Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wao wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, na fasihi na lugha za Afrika ziwekwe katikati ya masomo. Nao waliuliza swali la mahali pa kusimama.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba Langues O' kilianzishwa kwa haja za dola, na kwamba kwa muda mrefu haja hizo ndizo zilizoamua ni lugha ipi ifundishwe na ni nani akae kwenye kiti cha mwalimu. Hilo halibatilishi elimu iliyopatikana humo. Sarufi ya de Sacy ni sarufi, hata kama mtungaji wake hakuvuka bahari.

Kwa upande wetu yapo mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza ni lile sharti la 1795. Mwalimu wa lugha alitakiwa aiache lugha ikiwa imeandikiwa sarufi, na aiandike kwa lugha ya watu wake. Sisi tumekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima shuleni tangu mfumo wa elimu wa mwaka 1985, na Katiba ya mwaka 2010 imekifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini uchunguzi mwingi wa lahaja za Kiswahili na wa lugha nyingine za Kenya ungali ukiandikwa kwa Kiingereza, na hivyo wasemaji wenyewe hawawezi kuupima kama al-Tahtawi alivyompima de Sacy. Sharti ambalo Bunge la Ufaransa liliwawekea maprofesa watatu, idara zetu zinaweza kujiwekea zenyewe.

La pili linahusu mwenye lugha. Ni rahisi kuwalaumu Berlin na Paris kwa kumweka Mtoro na Bocthor kwenye ngazi ya chini. Ni vigumu zaidi kujiuliza ni mara ngapi mzee wa Pate, wa Siu au wa Vanga ameketi na mtafiti siku nyingi akitoa maneno, methali na tenzi, kisha jina lake likaishia katika mstari mmoja wa shukrani. Mzee huyo naye ni mwalimu wa lugha hai. Historia hii inatufunza kwamba mgawanyo wa mwenye sarufi na mwenye sauti haukuwa wa Wazungu na Waafrika pekee. Huzuka popote pale chuo kinapojiona kuwa ndicho mwenye lugha, na unaweza kuzuka hata katika chuo chetu.